Filimu Isiyo na Kofi Hata Moja

Kwenye ukumbi wetu wa video, mtaani Buyenzi, filimu haijitoshi yenyewe. Lazima mtu akae kando ya skrini na mikrofoni, aigeuze kwa Kiswahili, sauti zote azibebe yeye: jambazi, polisi, bibi kizee, hata mlango ukilia. Mimi nilikuwa nakata tiketi mlangoni, na ile mikrofoni nilikuwa naitaka kuliko ninavyotaka kuolewa.

Filimu yenyewe niliikuta kwenye simu ya dada yangu. Ya Kifaransa, ndefu, zaidi ya masaa matatu, habari ya watu wa mji mmoja: mama anayeoka mikate, karani anayengoja simu ya binti yake aliyekwenda nje, tajiri mzee anayeongea na mbwa wake tu. Kila mmoja na mambo yake, halafu polepole wanaanza kupishana bila kujuana. Mkate wa yule mama uko mezani kwa karani. Karani yuko ndani ya basi, nje ya dirisha anapita mbwa wa tajiri. Kifaransa changu ni cha kuokota, shule niliiacha mapema, lakini mara ya kwanza nililia, mara ya pili nikacheka palepale nilipolia.

Mtafsiri wetu, kaka mmoja wa sauti nzito, nilipompelekea aliikataa. "Mi sitafsiri filimu isiyo na kofi hata moja."

"Basi nipe mimi," nikasema.

Mwenye ukumbi, mzee wa Kiarabu, alinitazama juu ya miwani. "Jumapili mchana. Lakini watu wakitoka kabla ya mwisho, mwanangu, unarudi mlangoni, na habari ya mikrofoni sitaki kuisikia tena."

Jumapili ukumbi ukajaa. Swali la kwanza likawa lile la siku zote: "Akteri ni nani?" Maana watu wanataka kumjua mapema yule asiyekufa.

"Wote," nikasema.

"Wote vipi, dada? Mmoja akifa, filimu inaendelea?"

"Inaendelea."

"Kama hapa kwetu," mama mmoja akasema kule nyuma. Watu wakacheka kidogo, nami nikaiwasha filimu.

Mambo yaliharibika hadithi ya pili ilipoanza. Mama wa mikate katoweka, karani katokea, na kelele zikaanza. "Mumebadilisha filimu! Turudishieni mama yetu!" Muuza nyama mmoja, mwili kama kabati, akasimama kuelekea mlangoni, na wawili wakamfuata.

Nikayaacha maneno ya filimu, nikasema ya kwangu. "Kaka, kaa. Ni filimu ileile. Mama wa mikate tumemwacha hapa Buyenzi. Sasa tuko Ngagara, huyu ni karani wa serikali. Baadaye tunakwenda Kinindo kwa matajiri, kuna mzee ana mbwa anayekula nyama kuliko we."

Wakamcheka muuza nyama. Naye akacheka, akarudi kukaa, na wale wawili nyuma yake.

Kuanzia hapo wao ndio walionitangulia. "Tumefika Ngagara." "Apana, bado Kinindo, tazama geti hilo." Mbwa alipopotea akaingia kwa mama wa mikate, ukumbi mzima ulisimama kama bao limefungwa: "Mbwa wa Kinindo yuko Buyenzi!" Na mwishoni kabisa, mvua inanyesha, wote watatu wamejikinga chini ya paa moja, simu ya karani ikalia. Binti akasema neno moja tu, baba. Sikulitafsiri. Muuza nyama alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati, akilaumu vumbi.

Hakuna aliyetoka, isipokuwa mtafsiri wetu mwenyewe. Kumbe muda wote alikuwa amesimama mlangoni anatazama, karibu na mwisho akaenda kuswali alasiri, akarudi taa zinawashwa.

"Mzee," akamwuliza mwenye ukumbi, "yule binti alipiga simu?"

"Mi nitajuaje?" mzee akasema, akaninyooshea kidole. "Muulize mutafsiri."

Nikamweleza kuanzia mvua ilipoanza, mikrofoni bado iko mkononi mwangu.