Mahindi Yasiyotaka Huruma

Shemeji yangu Stanislas ana shamba Kasungami, na mkiniuliza mimi, hakuna shamba baya kulishinda pembezoni mwote mwa Lubumbashi. Udongo wake mwekundu hung'ang'ania viatu kuliko unavyong'ang'ania mizizi. Kando yake kuna kichuguu kikubwa kama nyumba. Kwetu mtu mwenye akili hulima kichuguu, maana udongo wa mchwa una rutuba. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa ajili ya kichuguu. Stanislas alikipata hicho bila kugombana na mtu, akampa jirani apande maboga. Yeye akabaki na ardhi iliyochoka, kwa makusudi kabisa.

"Hapa njo muzuri, Gauthier," aliniambia. "Hapa hakuna kitu."

Gauthier ni mimi, mdogo wake Régine, mke wa Stanislas. Ninakaa kwao. Kazi maalum sina, lakini maoni ninayo.

Stanislas alifanya kazi ya reli miaka thelathini na moja, kama baba yake aliyeshuka kutoka kaskazini mwa Katanga. Alitembea juu ya njia kutwa, akikagua misumari na mataruma. Mwaka wake wa mwisho kazini aliona muhindi umeota katikati ya kokoto, mahali ambapo hata magugu hukata tamaa. Punje ilianguka kutoka kwenye behewa, ikajiotea, ikazaa hindi moja la urefu wa kidole gumba. Mtu mwingine angelichoma na kulitafuna. Stanislas alivua kofia.

Mbegu ile akaiita Cheminot, yaani mtu wa reli, kwa sababu, kama alivyosema, "anakula kiloko, kidogo tu, anaamuka mapema, halalamikaka." Tangu hapo, kila Novemba, anapanda bila mbolea, bila majivu, bila hata maji ya kunawia mikono. Mimea mingi inakufa. Inayozaa katika taabu ile anaifunga uzi mwekundu, na punje zake ndizo mbegu za mwaka unaofuata. Wakati wa maua anayavisha mahindi mifuko ya karatasi ya mkate ili chavua ya majirani isiingie, na shamba zima linasimama limevaa kofia kama maaskofu mkutanoni. Wapita njia hucheka. Mimi pia nilicheka, lakini kimoyomoyo, maana nakula kwao.

Kitu kingine kilichoanza pamoja na mahindi hayo ni utakatifu. Stanislas, ambaye zamani tulimwona kanisani Krismasi na Pasaka, alianza kwenda misa ya alfajiri kila siku iendayo kwa Mungu. Régine alifurahi sana. Alisema mahindi yamfanye mume wake mwendawazimu, bora yamfikishe mbinguni.

Wanasema mvumilivu hula mbivu. Sisi tulivumilia miaka minane, na mbivu zenyewe zilitoka kidole gumba zikafika kiganja. Mwaka wa tisa habari zilimfikia Dorcelle, mtaalamu wa mbegu katika kituo kimoja cha utafiti. Alituma ujumbe: mwezi wa nne atakuja kuona, na akiridhika atachukua mbegu akazijaribu Kasomeno, na Mokambo kule mpakani, kwa wakulima wasioweza kununua mbolea. Stanislas alisoma ujumbe ule mara nne kwa sauti. Alikuwa na miaka sabini na mbili, na punje zote alizokuwa nazo alikuwa amezipanda. Hakuna asiyejua alichokuwa anangoja.

Shida ilianza kwa dada yangu. Régine ni mwanamke ambaye mgeni akibisha hodi, hata paka wa nyumba anapanguswa uso. Januari alisimama mbele ya mahindi yale, yamefika magotini na yana rangi ya ndimu mbivu, akashika kiuno.

"Mugeni wa bureau akuye, akute bintu inakonda bile?" aliniuliza. "Mutoto wa njaa hatumuonyeshaka mugeni, Gauthier. Kwanza tunamulisha."

Régine anafuga kuku, na nyuma ya banda lao mbolea haikosekani. Stanislas akitoka kwenda misa, sisi tunabeba ndoo. Tuligawana: yeye mistari yote ya juu, mimi minne ya chini kabisa. Mshahara wangu ulikuwa kuku mzima wa kuchoma.

Sasa niseme ukweli. Ndoo ile ilikuwa nzito, na harufu yake sitaki kuizungumzia. Kichuguu kilikuwa karibu. Niliimwaga yangu yote pale kwenye maboga ya jirani, nikakaa kivulini, kisha nikarudi nikijipangusa jasho ambalo halikuwepo.

"Umemaliza?" Régine aliuliza.

"Yote, yaya," nikamjibu, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya.

Kuku nilimla, na alikuwa mtamu.

Mahindi yakapanda juu, ya kijani kibichi. Stanislas alipita kati ya mistari akiyagusa kama mtu anayehesabu wajukuu. "Njo mwaka yetu, Mama Keren!" alimwambia mkewe, maana Keren ndiye binti yao mkubwa. Régine akajibu "kweli," akaenda haraka kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni. Mistari minne ya chini ndiyo iliyomuudhi mzee, ilivyobaki mifupi na ya manjano.

"Hii ba-ligne ine ni bavivu," aliniambia mwezi wa tatu. "Ukate, upe ba-mbuzi."

Nilisema ndiyo. Panga lilikuwa butu, na kulinoa ni kazi. Sikukata.

Siku za mwizi ni arobaini. Sisi tulipewa karibu tisini. Dorcelle alifika mwezi wa nne, binti mwembamba mwenye buti kubwa. Stanislas alivaa koti lake la reli. Mgeni alipapasa mahindi, akatikisa kichwa kwa mshangao, na machozi yakamlenga mzee. Kisha Dorcelle akasema anataka kuona mizizi. Aling'oa muhindi mmoja, akaupukuta udongo, akatoa kitu kwa vidole viwili. Unyoya wa kuku, mweupe. Akang'oa mwingine: unyoya.

"Baba," aliuliza kwa adabu, "mahindi yenu inaotesha manyoya?"

Stanislas aliutazama unyoya, akamtazama mkewe. Régine alikuwa ameshika pindo la kitenge kwa mikono miwili.

"Ni miye," alisema. "Baba Keren, ni miye. Niliweka mafi ya nkuku. Niliona haya juu ya mugeni."

Mzee alikaa chini, juu ya udongo, na koti lake lote. Hakumfokea, na ingekuwa nafuu angefoka. Mahindi yaliyoshiba hayasemi ni lipi linaloweza njaa. Miaka tisa ilikuwa imemezwa na ndoo zetu. Nilimtazama dada yangu akilia bila sauti, na niliona aibu, aibu ya kweli, ambayo sijaizoea.

"Ba-ligne ine ya chini," nikasema, "haikupata kitu."

"Uliniambia ulimaliza!" Régine aligeuka.

"Nilidanganya, yaya."

"Lakini nilikuambia ukate!" Stanislas akainua kichwa.

"Na hiyo pia."

Tulishuka wote wanne. Mistari ilikuwa pale, imepauka, mingi imekufa imesimama. Lakini hapa mmoja, pale mmoja, kulikuwa na muhindi wenye hindi. Dorcelle alimenya moja: limejaa punje hadi nchani, refu kuliko kiganja cha Stanislas. Aling'oa mzizi, akatafuta, hakupata unyoya. Tulivuna mahindi ishirini na saba. Alisema yanatosha kuanzia.

Régine alilishika moja kwa muda mrefu. "Bantu watasema kama mi sikukuamini," alisema. "Na ni kweli. Niliyaonea huruma."

"Mi pia nayaoneaka huruma," Stanislas akajibu. "Kila asubuhi. Unafikiri naendaka misa juu ya nini? Nikibaki hapa, mi mwenyewe nitaiba mafi ya nkuku yako."

Dorcelle alicheka hadi akaegemea jembe. Régine alimpiga mumewe begani kwa lile hindi, taratibu, asilivunje.

Mwaka huu Cheminot imepandwa Kasomeno na Mokambo, na kwetu pia. Wazee wanaenda misa ya alfajiri wote wawili, wameshikana mikono, wakiyakimbia mahindi. Ulinzi wa shamba nimeachiwa mimi. Régine anasema katika ukoo mzima ni mimi peke yangu ninayeaminika kutofanya kitu.