Kumi Iliyokuwa Ndogo Kuliko Tisa

Kazini wanamwita Viraka. Si kwa sababu ya mavazi, maana mashati yake mke wake huyapiga pasi hadi yakaribie kusimama yenyewe, bali kwa sababu programu yoyote ya shirika la maktaba ikipasuka, yeye ndiye anayeitwa kuishona. Dawati lake liko karibu na mlango wa choo na kiti chake hakishuki. Hajawahi kulalamika. Wasiolalamika ndio wanaopewa madawati ya namna hiyo.

Jumatatu moja makao makuu yalihamishia kumbukumbu za vitabu kwenye seva mpya, yenye hifadhidata ya toleo la kumi. Matawi yalibaki na seva zao za toleo la tisa. Asubuhi hiyo, kila msomaji aliyetafuta kitabu makao makuu alijibiwa kwamba hakipo. Maktaba ya ghorofa tatu ikawa haina kitabu hata kimoja.

"Toleo jipya ni bovu," alisema mkuu wa kitengo.

"Toleo halina neno, bosi. Kiunganishi ndicho kilichochanganyikiwa."

Kiunganishi ni kipande cha programu kinachokaa kati ya skrini ya msomaji na hifadhidata. Huiuliza seva toleo lake, kisha huisemesha kwa namna inayoielewa. Aliyekiandika alishahamia kwenye kazi nzuri zaidi, kama wafanyavyo waandishi wa vitu hivyo. Alikuwa amelinganisha matoleo kama mtu anayepanga maneno ya kamusi, kwa tarakimu ya kwanza. Kumi huanza na moja, na moja hutangulia tisa, basi kumi ikahesabiwa ndogo kuliko tisa. Kosa hilo lilitulia miaka mingi kwa kuwa kumi haikuwa imezaliwa. Sasa seva changa kuliko zote ikawa inasemeshwa kama kikongwe, kwa lugha isiyoijua.

Viraka akabadilisha mistari michache ili namba zilinganishwe kama namba, akapeleka kiunganishi kipya makao makuu na kwenye matawi yote. Vitabu vikarudi. Mkuu wa kitengo akaripoti kwa wakubwa kwamba "tumefanikiwa". Wino wa ripoti haujakauka, simu ikalia. Lilikuwa tawi dogo kuliko yote, chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na fundi cherehani. Mkutubi wake wa pekee ni mama mkwe wa Viraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huku kwetu kumekufa. Mmefanya nini?"

"Skrini inasemaje?"

"Haisemi. Imenyamaza kama mume aliyeulizwa alikotoka."

Seva ya tawi hilo, ikiulizwa toleo, hujibu tisa kisha huongeza jina la kampuni iliyoiandaa. Viraka alikuwa amekiagiza kiunganishi kigeuze jibu lote kuwa namba. Jina haligeuki namba, kiunganishi kikaanguka. Na kompyuta ile ilikuwa kuukuu mno kubeba toleo la kumi.

"Rahisi," alisema mkuu. "Bodi inakaa Ijumaa. Tawi lisipofanya kazi mpaka hapo, tunalifunga."

"Na mkutubi?"

"Si atastaafu? Mwache mama wa watu apumzike." Mkuu ni mtu wa haraka. Alimpigia mama huyo papo hapo, akamwambia ajiandae.

Viraka alijua mama mkwe aliyestaafu angepumzikia wapi. Mama huyo alikuwa na binti mmoja tu, mke wa Viraka. Kuishi na mama mkwe ni kuvaa shati hata sebuleni kwako, kuzima mpira kabla hujaombwa, na kukohoa kwanza kabla ya kuingia jikoni. Kwa mke wake alisema anasikitikia wasomaji.

Aliweka dawatini seva mbili, ya tisa na ya kumi, akajaribu kila badiliko kwenye zote mbili. Akiiridhisha hii, ile inanuna.

"Viraka, sijawahi kukuona unapenda vitabu hivi," mhasibu alimtania akielekea chooni.

"Elimu ni haki ya kila mtu."

"Ya kila mtu, au ya mama mkwe?"

Alhamisi akapata dawa: kiunganishi kichukue namba peke yake na kuliacha jina, kisha kiulize kila toleo mambo linaloyajua tu. Seva zote mbili zikajibu. Ijumaa bodi ikaliacha tawi lilivyo, na mkuu akaripoti tena kwamba "tumefanikiwa".

Viraka akaenda mwenyewe kupeleka habari. Alimkuta mama mkwe ameshapakia kikombe, redio na mto wa kiti ndani ya boksi.

"Mama, tawi halifungwi tena. Nimelitengeneza."

"Umelitengeneza? Nani alikutuma?"

"Nilidhani utafurahi, mama."

"Chumba nilichopanga nimeshakirudisha kwa mwenye nyumba, na leo kaingia mpangaji mwingine. Mke wako hajakuambia? Tangu jana ameshatandika kitanda."

"Kwa hiyo, mama..."

"Kwa hiyo nakuja kwenu, na kazi naendelea nayo. Tena afadhali. Hii mashine ikininyamazia, sihangaiki tena na simu. Nakugongea mlango tu."

Viraka alisema ni jambo jema sana, mama, kama mkwe anavyotakiwa kusema, akainama kulichukua boksi.