Firigisi ya Mgeni

Mwezi wa sita mwaka jana nilifiwa na mume wangu. Mwaka huu nilipanda basi peke yangu kutoka Dodoma kwenda kwa binti yetu anayeishi Mwamanyili, na kama tulivyozoea, nikashuka Bariadi kuwaona marafiki zetu. Njia nzima niliogopa chakula tu. Nyumba ile humchinjia mgeni kuku, na firigisi hupewa mwanamume. Safari hii ingekwenda kwa mwingine, nami sikujua kama ningeweza kutazama.

Tulipokaa mezani, mwenye nyumba aliitoa firigisi bakulini akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, shemeji."

"Mimi ni mwanamke, shemeji."

"Hee! Miaka yote jamaa alikuwa anakumegea nusu chini ya meza. Ulidhani hatuoni?"

Mkewe alicheka mpaka akaliweka chini bakuli la mchuzi. Nikacheka na mimi.

"Nusu gani? Alikuwa ananipa kipande kidogo tu!"

Nikaila yote. Ilikuwa ngumu kidogo, lakini tamu. Kisha nikaomba ugali mwingine.