Alama ya Masizi

Mama mkwe wangu aliweka kumbukumbu za mifugo kwa sufuria. Kila mwanambuzi aliyekunywa dawa ya minyoo alipakwa masizi ya sufuria kwenye paji la uso, basi, huyo amemalizika.

Mimi, binti wa Kaloleni, mjini Voi, niliyezoea kuona mbuzi kwenye sahani, niliolewa Mwanda huko milimani nikakaribishwa kwa zawadi ya mwanambuzi jike, mweupe. Nilimpenda kupita kiasi. Siku ya dawa, mama mkwe alinywesha wengine wote, wakakohoa na kulia kwa ule uchungu, kisha akaniachia wangu nimnyweshe mwenyewe. Nikamwonea huruma. Alipoenda kuchota maji nikaimwaga dawa kwenye majani, nikampaka masizi tele.

Mvua zilipokolea, wenzake walirukaruka kwenye matuta. Wangu alikonda, tumbo likatuna, chini ya taya kukavimba maji. Mama mkwe akamfunua kope, akakuta ndani kweupe pe, damu imekwisha.

"Dawa hii ni feki," akasema, akajifunga leso ateremke Wundanyi kumkabili mwenye duka aliyemuuzia. Na mdomo wa mama mkwe, jamani, haukuwa wa kuchezewa.

Nakiri nilitaka kunyamaza. Lakini nikinyamaza, mwenye duka atatukanwa bure, na mbuzi wangu atakufa huku masizi yakisema ametibiwa.

"Mama, huyu hakunywa. Niliimwaga."

Akanitazama. Nikajua leo narudishwa Voi.

"Ulimhurumia?"

"Ndio, Mama."

"Haya, mshike kichwa. Usikiinue sana, dawa isimwingie mapafuni."

Akamnywesha polepole, akachovya kidole kwenye masizi, akampaka. Kisha akanipaka na mimi, katikati ya paji la uso, akacheka mpaka akakaa chini.

"Na wewe leo umekunywa yako."

Mbuzi alipona kwa kujivutavuta, na uzao wake ndio umejaa zizini hadi leo. Mama mkwe tulimzika mwaka juzi. Namkumbuka mno, hasa kicheko chake. Sasa nanywesha mimi, na daktari wa mifugo amenipa daftari zuri la kujaza. Najaza. Halafu nachukua sufuria. Nikimaliza mwanambuzi wa mwisho najipaka na mimi, na hakuna wa kunicheka.