Gudveig Ajirusha Kwenye Maji ya Barafu

Gudveig alipasua samaki kiwandani Vardø, mji wa pwani kaskazini mwa Norwe, tangu ujana wake, huku kila kiangazi akizitazama meli za watalii zikipita kuelekea Svalbard, visiwa vya barafu karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Alipostaafu akasema safari hii na yeye anapanda. Dada yake, Torbjørg, akacheka hadi akashika mbavu.

"Na magoti hayo mabovu! Unakwenda kufanya nini huko, we mtoto?"

"Kutazama barafu."

"Si ufungue tu friji?"

Lakini hakuwa na moyo wa kumwacha aende peke yake, basi wakafuatana, Torbjørg akinung'unika njia nzima.

Asubuhi moja meli ikasimama mbele ya ukuta mrefu wa barafu ya buluu. Nahodha akatangaza kwamba anayetaka kuogelea ajitokeze. Abiria wakasogea, wakachungulia mapande ya barafu yanayoelea, wakarudi nyuma. Gudveig akavua koti.

"Umerukwa na akili?" Torbjørg akapiga kelele.

"Dada, nishikie miwani."

Mabaharia wakamfunga kamba kiunoni, naye akajirusha. Baridi ikambana kifua, pumzi ikamkatika. Kisha akaibuka na kupiga ukelele wa furaha, ukavuma hadi kwenye ule ukuta na kurudi. Meli nzima ikalipuka kwa makofi.

Alipopandishwa, meno yakigongana, Torbjørg alimfunika blanketi huku akilia na kucheka kwa pamoja.

"Huyu ni mdogo wangu," akawaambia abiria waliowazunguka. "Mdogo wangu wa tumbo moja, jamani!"