Niliuza Sauti Yake, Nikamwambia Watu Wanaicheka

Mimi ni mwizi. Nimeanza barua hii na hilo kwa sababu nikizunguka kidogo tu nitapata njia ya kujitetea, na kujitetea ndiyo kazi ninayoijua kuliko hata kompyuta.

Kama una kompyuta hapa Lodwar na hujawahi kununua programu hata moja, huenda mimi ndiye niliyekuwekea. Nina kibanda changu karibu na soko. Kwa miaka mingi nimewawekea watu programu za wizi: za kuandikia barua, za kupigia hesabu, za kurekebisha picha za harusi, na za kuzuia virusi. Ndiyo, hata ile ya kuzuia virusi ilikuwa ya wizi! Wateja wangu walikuwa watu wa heshima zao, walimu, makarani, na mhubiri mmoja aliyetaka programu ya kupangia mahubiri. Aliponiuliza kama ni halali, nilimwambia ni zawadi. Akanibariki.

Sikuona kosa. Kwani nani ameumia? Wenye programu hizo, niliwaambia watu, wako ng'ambo, ni matajiri, hata hawajui Lodwar iko wapi. Kumwibia mtu asiyekujua si wizi, ni kuokota.

Kisha nikamwibia mtu anayenijua.

Nitamwita Esperance, ingawa silo jina lake. Ni Mkongo, anaishi kambini Kakuma, na alijifunza kuandika programu hukohuko, katika darasa lenye kompyuta chache na vumbi jingi. Mimi nilikuwa nikienda Kakuma kila wiki kutengeneza mashine, ndipo tukajuana. Siku moja akanionyesha kitu alichokihangaikia kwa miaka miwili: programu ya wenye maduka, ya kuwajulisha bidhaa zilizobaki. Tofauti yake na nyingine ni kwamba yake ilikuwa inasema. Unagusa picha ya sukari, sauti ya mwanamke inakuambia, "Sukari imebaki mifuko mitano." Sauti hiyo ilikuwa yake mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha Kongo, taratibu, kama mtu anayekukaribisha kwake.

"Mama yangu hakusoma," aliniambia. "Alikuwa na duka kule kwetu, na batu balikuwa banamuiba juu hajui kusoma. Nikasema, hii duka itajisemea yenyewe."

Jamani, ilikuwa nzuri! Mimi fundi wa miaka yote hiyo sijawahi kutengeneza kitu changu hata kimoja. Wivu ulinishika. Nikamwambia, "Si mbaya."

Shida yake ilikuwa njia. Mkimbizi hatoki kambini vivi hivi. Lazima apate kibali cha kusafiri, na kibali hakigawiwi kama karanga. Kwa hiyo akanipa nakala mimi. "Kaka, weye uko mutu wa Lodwar. Onyesha batu. Bakiipenda, tutagawana."

Nilipofika Lodwar nilimwonyesha Mzee Hassan, Msomali mwenye duka la jumla. Huyu ni mtu wa maswali, hata salamu yako ataihoji kabla ya kuijibu. Akagusa sukari, ikasema. Akagusa mchele, ikasema. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Wallahi, hii kitu nani ametengeneza?"

Swali jepesi namna gani! Lilihitaji neno moja tu, nami nikalijibu kwa neno moja.

"Mimi."

"Na huyu mama naongea?"

"Huyo nilimlipa tu asome."

Alasiri hiyohiyo nilifuta jina la Esperance kwenye ukurasa wa kwanza. Halafu nikafanya ujinga ambao Mturkana peke yake ndiye angeufanya. Kwetu mnyama akiingia zizini, hata kama aliingia kwa njia ambayo haiulizwi, hupigwa chapa ya ukoo, emachar, ili dunia ijue ni wa nani. Basi nikachora chapa ya ukoo wetu, nikaiweka palepale palipokuwa na jina lake, na chini yake namba yangu ya simu. Nikarudi nyuma kidogo nikaitazama. Nikajiona msanii!

Ilienea duka kwa duka, ikafika mpaka Lokichoggio kwa wanaopeleka mizigo Nadapal, mpakani na Sudan Kusini. Watu wakaanza kuniita injinia. Nami nikaanza kuitika.

Esperance naye alikuwa akingoja. Kila wiki nikifika Kakuma ananiuliza, nami nasema bado wanaiangalia. Lakini mtu hawezi kuangalia kitu miezi mitatu. Ningesema imenunuliwa, angetaka sehemu yake na jina lake. Kwa hiyo nikamwambia wameikataa.

"Iko na problème gani, kaka? Niambie, nitengeneze."

Hapo nilikwama, maana haikuwa na kasoro. Nikatafuta neno lolote lililokuwa karibu na mdomo.

"Ni sauti," nikasema. "Watu wanaicheka."

Akashika shingo yake. "Banacheka?"

"Sana."

Akaifunga kompyuta polepole. "Aksanti kaka, kwa kuniambia ukweli," akasema. Ole wangu mimi! Nilishukuriwa kwa ukweli, na nikaipokea shukrani hiyo kwa mikono miwili.

Haukupita muda akaniambia anauza kompyuta yake, kwamba kuiona tu kunamuumiza. Mnunuzi alikuwa nani? Mimi. Aliniomba jambo moja: nisiguse folda yake ya kazi mpaka apate flashi ya kuihamishia. Nikamwambia usijali, dada. Siku iliyofuata nilikuwa nimeifuta mashine yote na kuiwekea programu zangu za wizi, tayari kwa kuuzwa. Alipokuja na flashi yake nilitikisa kichwa kwa huzuni, nikamwambia virusi vimekula kila kitu.

Januari ikaingia. Asubuhi moja simu ikalia, ni Mzee Hassan.

"Warya! Kuja hapa haraka. Kitu yako nasema mimi iko na mifuko elfu tisa ya sukari. Mimi iko na tatu! Wateja nasikia, nasema Hassan ameficha sukari!"

Nilifika mbio. Duka limejaa watu, na sauti ya Esperance inatangaza kwa upole wake uleule kwamba sukari imebaki mifuko elfu tisa, na chumvi imekwisha, ilhali nimesimama juu ya katoni ya chumvi. Kina mama walikuwa wanamtazama mzee wa watu kwa macho ya kumla. Kabla sijagusa mashine simu ililia tena, duka jingine. Kisha jingine. Kila duka lilikuwa na chapa yangu, na chini yake namba yangu. Nilisahau kitu ambacho kila mtoto wa Turkana anakijua: mnyama mwenye chapa yako akila shamba la mtu, wewe ndiye unayeitwa.

"Wewe si ndiyo ametengeneza?" Mzee Hassan akaniuliza. "Haya, tengeneza."

Nitengeneze na nini? Nilichokuwa nacho ni programu iliyokwisha kukamilika, chapati iliyoiva. Unga wake, yaani maandishi ya Esperance mwenyewe, ulikuwa kwenye kompyuta niliyoifuta kwa mkono wangu. Nikaingia mtandaoni kutafuta programu ya kuifungulia, nikaipata, ni ya kulipia. Nikaiiba na hiyo. Ilikuwa na virusi! Virusi vya kweli safari hii, wala sikuwa na wa kumwambia.

Nikaenda Kakuma. Esperance hakuwa nyumbani, kwa hiyo nikamngoja pamoja na jirani yake, mama mmoja mwenye maneno mengi ambaye hakunijua. Akanisimulia bila kuulizwa.

"Huyu mutoto alikuwa anasoma Neno kanisani, Français na Kiswahili, batu bote kimya. Sasa hasomi. Eti batu ba Lodwar balicheka sauti yake. Hata kuitikia maombi anaitikia na roho tu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua nimemnyima riziki na jina lake, hilo nilikuwa nimeshalizoea, ndivyo tulivyo sisi wezi. Lakini hili la kanisani sikulijua. Niliona haya kiasi kwamba nilishindwa hata kunywa maji aliyonipa yule mama.

Esperance alikuja na ndoo kichwani, akanisalimu vizuri, akaketi. Nikafungua mashine yangu bila maneno, nikagusa picha ya sukari.

"Sukari imebaki mifuko elfu tisa."

Alicheka kwanza. "Elfu tisa! Ya nani?" Kisha kicheko kikakatika. "Kaka, hii ulipata wapi? Hii ni miye."

Nikamwambia yote. Hassan, chapa, injinia, folda. Nilipofika kwenye virusi nilisema, "Virusi vilikuwa mimi." Nikainamisha kichwa nikingoja kofi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, kwa matusi, hata kwa wazee wa kambi na polisi.

"Iko mu maduka mingi?"

"Mengi."

"Kila siku banasikiliza miye?"

"Kila siku."

"Na habacheki?"

"Hakuna aliyewahi kucheka, dada. Ni mimi niliyesema."

Akanitazama. "Basi ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza."

Akajifunika uso kwa kitenge, akalia. Nikamsogezea mashine.

Aliponyamaza alitazama kosa lenyewe, akalijua papo hapo. Mwaka ukibadilika lazima kipande fulani kifunguliwe upya. "Kazi ya dakika kumi," akasema, "kama ningekuwa na folda yangu."

Nikaanza kuahidi. Nitakulipa, nitakununulia kompyuta, nitafanya hivi, nitafanya vile. Akanikatiza.

"Hiyo utaleta, ni yangu. Lakini kwanza wende kwa kila duka, useme na kinywa yako nani aliitengeneza, na ile sauti ni ya nani. Kila duka, kaka. Usiruke hata moja."

Nilianza na Mzee Hassan, kwa kuwa ndiye mkali kuliko wote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha maswali yake yakaja. Anaitwa nani? Simu yake namba ngapi? "Na wewe," akamalizia, "katika hii maneno yote, kazi yako ilikuwa gani?"

Hakungoja nijibu. Alimpigia Esperance simu palepale mbele yangu, akamwita "binti yangu," akamwomba aandike nyingine na ampe yeye kwanza. Sasa anaiandika upya, kwa kompyuta ya kuazima darasani, na wenye maduka wanapatana naye wenyewe. Mimi nimebaki na kibanda na viti vitupu. Injinia siitwi tena. Ni yule mhubiri tu aliyekuja, akaniuliza kwa sauti ya chini kama na programu yake ni ya wizi. Nikasema ndiyo. Akafikiri sana, akaniambia tuiache kwanza mpaka amalize mahubiri ya Pasaka.

Nimezunguka maduka yote. Limebaki moja, liko Kalokol, nalo ni la mama yangu mzazi.

Mama anauza samaki wakavu na hajui kusoma. Nilimwekea programu ile mimi mwenyewe, na kati ya wote niliowauzia hakuna aliyeipenda kama yeye, hata sasa inapokosea hesabu. Ameutangazia ufuko mzima wa ziwa kwamba mwanawe ndiye aliyeitengeneza, na kwamba sauti hiyo ni ya mkwe wake mtarajiwa. Juzi nilimpigia nikiwa nimejikaza kusema. Nikaanza kwa salamu ya kwetu, "Ejok, mama."

"Ejok-nooi. Wewe, huyo msichana naongea vizuri hivi, wewe nakuja naye lini? Nimeshaambia wajomba wako wahesabu mbuzi."

Nikamwambia mtandao unakatika. Ndiyo maana barua hii haina jina. Mama hasomi, lakini husomewa.

Jana Esperance alinipigia. "Zimebakia ngapi?"

"Moja tu, dada."

"Ya nani?"

Nikasema, "Ya mama."

"Kaka," akasema, "pale ndipo ulipashwa kuanzia." Akakata simu.

Jumamosi naenda Kalokol.

Ndugu zangu, sitawahubiria msiibe programu za watu. Mimi ni nani? Lakini nawaonya mafundi wenzangu na nyote mnaosema mwenye kitu yuko mbali na hana habari: yupo, alikihangaikia, na siku moja utamhitaji. Na ukishakiiba, nakuomba kwa jina la Mungu, usimwambie mwenyewe kwamba kilikuwa kibovu. Nilichochukua nimeanza kukirudisha, taratibu, kwa aibu. Nilichosema kimekataa kurudi. Jumapili iliyopita nilimuuliza yule jirani kama Esperance amesoma kanisani. Aliniambia alisimama, akafika mbele, akafungua kitabu, halafu akarudi kuketi.