Mama Foleni na rufaa ya mdogo wake

Asubuhi hii ukumbi wa rufaa bado umelala. Viti vitatu vya majaji vimeyaelekea mabenchi matupu, jua linapenya pembeni mwa pazia, na vumbi linaelea humo bila haraka ya kwenda popote. Karani mmoja, amevua viatu visimpigie kelele sakafuni, anainamia kipaza sauti kwenye meza ya mawakili.

"Waheshimiwa majaji, mnanisikia?"

Hakuna wa kumjibu. Anatabasamu, kisha anajaribu taa za muda. Ya kijani, wakili anaendelea. Ya njano, amalizie. Nyekundu, akae.

"Wengine nyekundu hawaioni kabisa," anasema. "Macho wanayo, ila utamu wa kuongea umewazidi."

Wenzake humwita Mama Foleni. Ndiye anayepanga rufaa ipi isikilizwe lini, anayewasaka mawakili kwa simu, anayehakikisha kila jaji amepata jalada mapema alisome. Tajiri mwenye mawakili wanne na mtu asiye na jamaa mjini wote wanapanga mstari mmoja. Kazi hiyo anaifanya tangu hajaolewa, kwa mshahara ambao, anasema, "unafika mwisho wa mwezi ukichechemea."

Miaka miwili iliyopita mdogo wake, dereva wa lori, alifungwa kwa mzigo ulioibwa njiani. Akakata rufaa, na jalada likaja kutua mezani kwa dada yake.

"Nililishika, nikaliweka chini, nikaenda kwa msajili. Nikamwambia hili ni la ndugu yangu, mpe mwingine."

Mwenzake wa meza ya pili akalichukua. Kisha mwaka jana nafasi ikapatikana ghafla, mtu mmoja alipoondoa rufaa yake. Kwa zamu, aliyefuata alikuwa mfungwa mwingine, asiyemjua hata kwa sura. Neno moja kwa mwenzake lingetosha kumvusha mdogo wake. Hakulisema.

Tatizo ni kwamba Mama Foleni hajui kuficha jambo. Jioni ile ile alimweleza mama yake.

"Akaniambia, 'Watoto wa watu unawapangia, wa kwetu anaozea ndani.' Tangu siku hiyo nikienda nyumbani ananiwekea chakula, ila haongei nami." Anageukia dirishani. "Iliniuma. Mpaka leo inaniuma."

Usingizini, anasema, huja humu humu ukumbini. Taa ya kijani haizimiki. Wakili anaongea, anaongea, sauti yake laini, na mdogo wake amekaa anasikiliza, mikono imetulia mapajani. Majaji wakitaka kusema kitu, yeye huamka.

Sasa zamu imefika. Rufaa itasikilizwa Jumanne ijayo. Jumatatu ataandaa ukumbi kama kawaida yake, kisha Jumanne taa atabonyeza mwenzake, maana ameshaomba ruhusa ya siku moja. Anatamani mdogo wake aachiwe, halifichi hilo, ingawa uamuzi si wake na anajua majaji huenda wasiutoe siku hiyo hiyo.

Juzi simu yake iliita. Alikuwa mama.

"Hakunisalimia hata. Akauliza, 'Hiyo Jumanne wewe utakaa wapi?' Nikasema, benchi la nyuma, Mama, pamoja na ndugu wa wafungwa wengine. Halafu akasema, 'Basi pitia hapa unichukue. Nitakaa na wewe.'"